Namna ya Kugeuza Riwaya ya Uhalifu Kuwa Mswada wa Filamu

Tangu Muhammed Said Abdulla alipomleta mpelelezi Bwana Msa mwaka 1960, na tangu Elvis Musiba na Ben Mtobwa walipowateka wasomaji wa miaka ya 1970 na 1980, lugha yetu haijapata kukosa riwaya za upelelezi na uhalifu. Kilicho adimu ni mswada wa filamu uliotokana na riwaya ya namna hiyo na ukamtisha mtazamaji kama kitabu kilivyomtisha msomaji. Nimesoma miswada kadhaa ya vijana waliojaribu kazi hii, na mingi imejikwaa mahali pale pale: mwandishi amehamisha maneno, akaiacha hofu kitabuni. Mpelelezi anasimama katikati ya chumba akieleza anachofikiri, muuaji anatoa sababu za kuua kwake, na askari wawili wanasimuliana kesi ambayo wote wawili wanaijua tangu asubuhi.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja, kwa sababu kazi hii haifundishiki kwa nadharia tupu. Mfano wenyewe ni No Country for Old Men, riwaya ya Mmarekani Cormac McCarthy iliyochapishwa mwaka 2005, ambayo ndugu wawili, Joel na Ethan Coen, waliigeuza kuwa filamu mwaka 2007. Mwezi Februari 2008 filamu hiyo ilitwaa tuzo nne za Oscar, zikiwemo ya filamu bora na ya mswada bora uliotokana na kazi nyingine. Mwenye nafasi atafute kitabu na filamu, aviweke pamoja mezani. Nitataja nani anakufa na namna anavyokufa, kwa hiyo anayetaka kuitazama filamu kwa macho mapya afanye hivyo kwanza, kisha arudi hapa.

Hadithi ni hii. Mwaka 1980, magharibi mwa Texas karibu na mpaka wa Mexico, fundi wa kuchomelea vyuma aitwaye Llewelyn Moss anawinda swala nyikani, anakuta magari yaliyotobolewa kwa risasi, maiti za wauza dawa za kulevya, na begi lenye zaidi ya dola milioni mbili. Analichukua. Usiku anarudi na dumu la maji kwa majeruhi aliyemwomba maji mchana, na huruma hiyo ndiyo inayomponza. Anayemfuata ni Anton Chigurh, muuaji anayetembea na mtungi wa hewa uliounganishwa na chuma cha kuulia ng'ombe machinjioni. Nyuma yao, akichelewa kila anapofika, yuko sherifu Ed Tom Bell, mzee anayekaribia kustaafu.

Kwanza, haki ya kuigusa kazi

Usiandike hata ukurasa mmoja kabla ya kujua nani mwenye riwaya. Kugeuza kitabu kuwa filamu ni haki ya mwenye hakimiliki, na kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 haki hiyo huishi muda wa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 nayo inatoa miaka 50. Mtobwa alifariki mwaka 2008, hivyo riwaya zake zitalindwa hadi mwaka 2058, na wa kuzungumza nao ni warithi wake. Usimalizane na mchapishaji peke yake, kwa maana mara nyingi mchapishaji ana haki ya kuchapa tu. Omba kuuona mkataba. Makubaliano yawe ya maandishi, yataje malipo, muda, lugha za filamu, na jambo ambalo watu wengi hulisahau hadi ugomvi uzuke: kama una ruhusa ya kubadilisha mwisho wa hadithi. Mswada ukikamilika, uusajili kwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukiwa Tanzania, au kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki, ukiwa Kenya.

Soma mara tatu

Mara ya kwanza soma bila kalamu, kama mtu aliyenunua kitabu cha kusomea safarini. Ukimaliza, funga kitabu, kesho yake andika matukio unayoyakumbuka bila kukifungua. Yale yaliyobaki kichwani ndiyo mifupa ya filamu, na yale uliyoyasahau, hata kama yameandikwa kwa ufundi mkubwa, huenda hayatahitajika.

Mara ya pili soma na daftari lenye safu tatu. Ya kwanza iwe ya kinachoonekana, ya pili ya kinachosikika, na ya tatu ya kinachofikiriwa. Pitia kila sura ukijaza safu hizo. Riwaya nyingi za Kiswahili zitaijaza safu ya tatu kupita kiasi, kwa kuwa waandishi wetu hupenda kuingia moyoni mwa mhusika na kukaa humo. Hilo si kosa la riwaya, ila kamera haiwezi kupiga picha ya majuto. Kila jambo lililo katika safu ya tatu lazima ulitafutie mahali katika safu mbili za kwanza, au uliache.

Nitatoa mfano nilioubuni kwa ajili ya somo hili. Tuseme riwaya inasema hivi:

"Zuberi alihisi kwamba mtu aliyeingia gesti usiku ule hakuwa mpangaji wa kawaida. Moyo ulimdunda. Alikumbuka kwamba siku za mwizi ni arobaini, akajuta kulichukua lile begi."

Sentensi zote tatu ni za safu ya tatu. Mwandishi mvivu atamlaza Zuberi kitandani na kumsomesha maneno hayo kwa sauti ya nyuma ya picha. Mimi ningeandika onyesho hivi:

"NDANI. CHUMBA CHA GESTI. USIKU. Feni ya darini inazunguka. Zuberi amelala chali juu ya shuka, viatu vimo miguuni. Mkono wake unaning'inia hadi chini ya kitanda, umeshika mpini wa begi. Nje, geti la chuma linafunguliwa. Mbwa anabweka mara mbili, ananyamaza ghafla. Feni inapunguza mwendo, inasimama. Giza. Zuberi hashtuki, umeme kukatika ni jambo la kila siku. Kisha anageuza shingo dirishani. Ng'ambo ya barabara, taa ya duka la dawa bado inawaka."

Hakuna aliyesema kitu. Mtazamaji yeyote aliyekulia katika miji yetu, akiiona taa ya ng'ambo, anatambua kwamba si mgao wa umeme bali kuna mkono wa mtu, na anatambua sekunde ile ile anapotambua Zuberi. Utambuzi huo wa pamoja ndio hofu yenyewe. Viatu miguuni na mkono kwenye begi vimekwisha kutueleza kwamba anajuta na kwamba hawezi kuliacha.

Mara ya tatu soma kwa saa ya mkononi. Kwa kipimo cha kawaida ukurasa mmoja wa mswada ni takriban dakika moja ya filamu. No Country for Old Men ni kitabu cha kurasa zaidi ya 300, na filamu yake ina dakika 122. Hesabu hiyo peke yake inakuambia kwamba huwezi kupeleka kila kitu.

Amua hadithi ni ya nani

Uamuzi huu ni mgumu kuliko yote, na makosa yanayofanyika hapa hayarekebishiki kwa uhariri. Katika riwaya ya McCarthy kila sura kati ya sura 13 inaanza na maneno ya sherifu Bell akizungumza na nafsi yake, akilalamikia zama, akikumbuka wazee waliomtangulia, akikiri mambo ambayo hajamwambia mtu. Mwandishi wa mswada anayeogopa kukiudhi kitabu angezihifadhi zote 13, na filamu ingekuwa mahubiri yaliyokatizwa na risasi. Anayependa risasi angezitupa zote, na tungebaki na kisa cha mtu anayekimbizwa kwa sababu ya begi.

Ndugu wa Coen waliiacha sauti ya Bell isikike mwanzoni, juu ya picha za nchi kame wakati wa mapambazuko, akieleza kwamba baadhi ya masherifu wa zamani hawakubeba hata bunduki, na kwamba aliwahi kumpeleka kijana mmoja kwenye adhabu ya kifo. Baada ya hapo sauti ya namna hiyo haisikiki tena. Maneno mengine yaliyostahili kubaki yamegawanywa: mengine anamwambia naibu wake wakinywa kahawa, mengine anamwambia mjomba wake mzee aliye katika kiti cha magurudumu, na ndoto mbili za mwisho anamsimulia mkewe mezani. Jambo lililokuwa fikra kitabuni limepata masikio ya kulisikiliza, na mara tu fikra inapopata msikilizaji, inageuka kuwa tendo kati ya watu wawili.

Hata hivyo waliacha kitu kizito, nami bado nasikitika kila nikikumbuka. Kitabuni, Bell anamfungulia mjomba huyo siri aliyoibeba tangu Vita Kuu ya Pili: aliwaacha wenzake chini ya mashambulizi akaokoa roho yake, kisha akapewa nishani. Siri hiyo inaeleza kwa nini mzee huyu anajiona hastahili beji yake. Katika filamu haimo. Mahali pake mjomba anasimulia ndugu yao aliyeuawa mlangoni pake mwaka 1909, kumwonyesha Bell kwamba ukatili haukuanza jana. Mswada umepata wepesi, Bell amepoteza kidonda chake. Najua kwa nini walifanya hivyo. Kisa cha vita kingetaka dakika tano za maelezo karibu na mwisho, wakati ambapo mtazamaji tayari amebeba vifo vingi. Lakini jifunze kutoka hapo kwamba kila unapokata, unakata nyama, na ni lazima ujue ni nyama ya nani.

Ili usipotee, andika sentensi moja juu ya hofu ya riwaya yako, uibandike ukutani mbele ya meza. Kwa kitabu hiki ningeandika: mlinzi wa sheria amezeeka, na uovu uliokuja sasa unamzidi kimo. Onyesho lolote lisilogusa sentensi hiyo lina kesi ya kujibu.

Mlango kati ya watu wawili

Tuangalie kwa makini onyesho la hoteli ya Eagle Pass, kwa sababu ndipo kitabu na filamu vinapoachana, na ndipo ufundi unapoonekana.

Kitabuni, Moss anajificha chini ya kitanda, Chigurh anaingia chumbani, na Moss anatokea nyuma yake akiwa amemwelekezea bunduki. Wanatazamana. Tunasoma jinsi muuaji anavyoonekana, mtulivu, mgeni kwa kila kitu ambacho Moss amewahi kukijua. Ni ukurasa mzuri. Filamu imeuondoa kabisa, na badala yake imeweka mlango.

Moss ameketi kitandani usiku. Amegundua kifaa kidogo cha kutoa ishara ya redio, kimefichwa katikati ya noti, na ameelewa kwamba anayemtafuta hakuhitaji kubahatisha. Anapiga simu mapokezi. Simu inasikika ikiita huko chini, inaita, inaita, na hakuna anayepokea. Kisha tunasikia hatua na mlio wa kipokezi cha ishara hiyo ukija karibu. Katika mstari wa mwanga chini ya mlango panatokea vivuli viwili vya miguu. Vinasimama. Vinaondoka. Tunataka kupumua, na hapo mwanga wa korido unazimika: mtu amefungua balbu. Sasa chini ya mlango pamebaki giza, na hatujui kama miguu imerudi. Kitasa kinaruka kwa kishindo na kumpiga Moss.

Hesabu vifaa vya onyesho hilo: kitanda, taa, simu, mlango, balbu. Hakuna sura ya muuaji wala neno la kitisho. Mtayarishaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kulipiga katika chumba kimoja cha gesti kwa usiku mmoja, ingawa filamu nzima ya ndugu hao ilikisiwa kugharimu dola milioni 25. Nasisitiza hili kwa sababu waandishi wetu wengi huamini kwamba filamu ya uhalifu inataka magari ya kulipuka, na kwa kuwa hawana fedha za magari, wanajaza pengo kwa maneno.

Unapoandika onyesho la namna hii, kila sauti mpya iwe na mstari wake, na kila kimya kiwe na mstari wake. Mwongozaji na mpiga picha wataisoma karatasi kwa mwendo ule ule ambao mtazamaji ataliona onyesho. Ukiandika aya ndefu, watapiga kwa haraka. Ukiandika "Vivuli havisogei", kisha ukaruka mstari, watasubiri.

Mazungumzo yanayobeba kisu

Nimesema maneno yapunguzwe, lakini kuna mazungumzo ambayo ukiyagusa umeharibu. Katika kituo cha mafuta cha barabarani Chigurh ananunua korosho, na mzee mwenye duka, kwa uungwana wa kawaida, anamuuliza kama huko atokako mvua imenyesha. Chigurh anakataa uungwana huo. Anauliza inamhusu nini alikotoka. Kila jibu la mzee linageuzwa kuwa kosa, mpaka Chigurh anatoa sarafu iliyogongwa mwaka 1958, anairusha, anaifunika kwa kiganja, anamtaka mzee achague upande, kichwa au mwenge kama tunavyosema sisi, na anamwambia sarafu hiyo imesafiri miaka 22 kufika pale. Mzee haambiwi anashindania nini. Anachagua, anapona bila kujua amepona, na anakatazwa kuitia sarafu hiyo mfukoni, isije ikachanganyika na nyingine ikawa sarafu tu.

Ndugu wa Coen waliyachukua mazungumzo haya karibu kama yalivyo kitabuni, na walifanya vyema, kwa sababu hapa kila sentensi ni hatua moja kuelekea shimoni. Walichoongeza ni cha macho na masikio: Chigurh anaikunja karatasi ya korosho, anaiweka kaunta, na kamera inakaa pale ikiitazama inavyojikunjua taratibu kwa mlio mdogo. Kipimo ni hiki: ukiondoa sentensi moja na hali ya watu wawili waliosimama pale isibadilike, hiyo sentensi haina kazi. Ikibadilika, iache.

Lugha yetu ina silaha hapa ambayo Kiingereza hakina, nayo ni salamu. Mzee wa duka la Kiswahili hutegemea shikamoo kutoka kwa kijana. Asipoipata, kitu kimevunjika kabla ya bei ya soda kutajwa. Jaribu:

"Mzee anamtazama kijana. Anasubiri. Kijana anaangalia chupa kwenye friji.
MZEE: Karibu, mwanangu.
Kimya.
MZEE: Habari za utokako?
KIJANA: Nani kakwambia nimetoka mahali?
MZEE: Nimeona vumbi kwenye gari, baba. Nikasema labda mmetoka mbali.
KIJANA: Ukasema. Ulimwambia nani?"

Hapo mzee amekosa adabu bila kukosa, na hajui alirudishe wapi neno alilolitoa. Angalia pia kwamba anamwita kijana "baba", kama wazee wafanyavyo wanapobembeleza, na kadiri anavyobembeleza ndivyo anavyojiweka chini. Mwandishi anayetafsiri vitisho vya filamu za kigeni neno kwa neno hatafika hapa. Unaweza kulifanya baya zaidi kwa kumpa kijana shikamoo kamili, ya heshima zote, mwishoni kabisa, anapofunga mlango wa duka kwa ndani.

Steringi anapokufa

Watu waliolelewa na vibanda vya video wana imani moja: steringi hafi. Katika filamu hii steringi anakufa, na anakufa nyuma ya mgongo wetu. Bell anaelekea kwenye moteli huko El Paso, anasikia milio ya bunduki, anaona gari likitoka kwa kasi, na anapofika Moss yuko sakafuni. Tumemfuata mtu huyu kwa zaidi ya nusu ya filamu, tumeziona mbinu zake zote, halafu tumenyimwa mapambano yake ya mwisho. Wapo waliotoka ukumbini wamekasirika. Nadhani uamuzi huo ni sahihi, kwa sababu unatuweka mahali pa Bell: tumechelewa, kama yeye alivyochelewa kila mahali. Sentensi ile iliyobandikwa ukutani imelindwa.

Kabla ya hapo waliondoa jambo jingine. Kitabuni Moss anampakia njiani msichana aliyetoroka kwao, na wanazungumza kurasa nyingi juu ya maisha. Katika filamu kuna mwanamke mmoja kando ya bwawa la kuogelea, anamkaribisha bia, sentensi chache, basi. Mwisho nao umepunguzwa: kitabuni Chigurh anazirudisha fedha kwa mwenyewe, na Bell anafuatilia mambo kadhaa baada ya ajali ya gari inayomvunja Chigurh mkono. Filamu inamwacha muuaji akitembea na mkono uliofungwa kwa shati alilolinunua kwa mtoto, na fedha hazitajwi tena.

Lakini badiliko linalostahili kusomwa mara nyingi ni la Carla Jean, mjane wa Moss. Chigurh anamkuta nyumbani baada ya mazishi ya mama yake, anampa sarafu achague. Kitabuni anachagua, anakosa, na tunasoma kwamba alimpiga risasi. Katika filamu anakataa kuchagua. Anamwambia kwamba sarafu haina la kusema, ni Chigurh mwenyewe anayeamua. Kisha picha inahamia nje. Chigurh anatoka mlangoni, anasimama barazani, anainua kiatu kimoja kisha cha pili, anaangalia nyayo. Huo ndio mwisho wa Carla Jean. Tangu mapema tulimwona mtu huyu akiiepusha miguu yake na damu, kwa hiyo hatuhitaji kuambiwa.

Badiliko hilo halikutoka hewani. Limempa mwanamke aliye katika hali mbaya kuliko wote nguvu ya kumvua muuaji falsafa yake, na limeihamisha risasi kutoka kwenye jicho hadi kwenye akili ya mtazamaji. Ukitaka kubadilisha tukio la riwaya, hakikisha badiliko lako linazidisha kile ambacho riwaya ilikuwa ikikitafuta. Na kama unataka muuaji aangalie viatu mwishoni, lazima umpandie mtazamaji kumbukumbu ya viatu mapema, angalau mara moja, bila kuionyesha kwa kidole.

Njia hiyo ina faida nyingine kwetu. Filamu lazima ipitie Bodi ya Filamu Tanzania, au bodi ya uainishaji ya Kenya, kabla ya kuonyeshwa kwa umma, na onyesho linaloacha damu nje ya picha hupita kwa urahisi zaidi kuliko linaloimwaga. Kibali cha kupiga picha nacho kiombwe mapema, na polisi wa eneo wafahamishwe kama mtabeba silaha za bandia, kwa sababu raia atakayeona bunduki barabarani hatajua kwamba mnaigiza.

Kimya kiandikwe

Mtunzi wa muziki, Carter Burwell, aliiwekea filamu hii muziki wa takriban dakika 16 tu, pamoja na ule wa majina ya mwisho. Muda uliobaki ni upepo, hatua, injini, chuma. Kwetu hili ni gumu zaidi kuliko kwingine, kwa kuwa vibanda vya video vilitufundisha kutazama filamu huku mtafsiri akijaza kila nafasi kwa simulizi yake, na kazi yake ilikuwa tamu. Lakini tukakua tukidhani kimya ni kasoro. Andika kimya katika mswada kama unavyoandika tendo: kinaanza wapi, kinavunjwa na nini. Usiandike "muziki wa kutisha" popote. Andika jokofu linalonguruma, bati linalolia kwa joto, adhana ya mbali, pikipiki inayopita bila kusimama.

Wasomee watu

Mswada ukifika mwisho, tafuta watu watano ambao hawajaisoma riwaya, mmoja asome maelekezo ya picha kwa sauti na wengine wagawane wahusika. Wewe usisome wala usieleze. Shika nakala yako na penseli, weka alama mahali msikilizaji anapouliza "huyu nani?", alama nyingine mahali anapotazama simu yake, na ya tatu mahali wote wanapoacha kusogea. Rudi nyumbani na alama hizo. Swali la "huyu nani?" mara nyingi huponywa kwa kumpa mhusika kitu cha kufanya kurasa mbili nyuma. Mahali walipotazama simu, angalia kama hujarudisha safu ya tatu kwa mlango wa nyuma. Na pale walipoacha kusogea usiongeze hata nukta. Andika tarehe pembeni, kisha uendelee na onyesho linalofuata.